Chanjo Kwanza, Jogoo Baadaye

Mwaka 1997 Uganda iliimega wilaya ya Tororo, ikazaliwa wilaya ya Busia. Mwaka 2013 Busia ya upande wa Kenya ikawa kaunti yenye serikali yake na idara yake ya mifugo. Mwaka 2018 marais wa nchi hizo mbili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani katika mji wa Busia, wenye jina moja pande zote mbili. Katika mabadiliko yote hayo kuku hakushauriwa, wala hajabadili mwenendo wake. Anatoka vijiji vya Tororo, Kumi na Soroti, miguu imefungwa kamba ya katani, kwenye tenga nyuma ya bodaboda; anafika sokoni, anahesabiwa, anashindiliwa na wenzake asiowajua, kisha anaendelea na safari hadi Bungoma, Kisumu na Nairobi. Wengine hupita njia za panya ambazo hazina kituo cha pamoja wala cha pekee. Na huku akisafiri, wafugaji wa pande zote mbili wanabishana juu ya damu yake: ni heri kubaki na kuku wa kienyeji wa babu na bibi, au kuleta jogoo chotara anayekua haraka?

Ubishi huo una sababu. Tangu mwaka 2010 hivi, Uganda ilipoanza kupokea kuku wa aina ya Kuroiler kutoka India kupitia kituo chake cha rasilimali za uzazi wa mifugo cha Entebbe, na tangu taasisi ya utafiti ya Kenya ilipoanza kusambaza kienyeji walioboreshwa kutoka Naivasha, kifaranga wa mbegu mpya amekuwa zawadi inayopendwa na miradi, wanasiasa na vikundi vya akina mama. Kifaranga anapigwa picha vizuri. Chupa ya chanjo haipigwi picha vizuri. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo umepinduka: katika mazingira ya Busia na Tororo, shilingi ya kwanza inayotengwa kwa kuku ilipaswa kwenda kwenye chanjo ya kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, kwa kuku yule yule wa kienyeji aliyepo uani, na mbegu mpya ije baadaye, kwa mfugaji ambaye tayari ameonyesha kuwa kundi lake halifi. Kumleta jogoo mkubwa kabla ya chanjo ni kumpa mfugaji kitu cha gharama zaidi cha kupoteza.

Tuanze kwa kumtendea haki chotara, maana anastahili. Majaribio yaliyofanywa vijijini Uganda na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona State pamoja na wenzao wa Entebbe yaliwalinganisha Kuroiler na kienyeji wakijidonolea katika mazingira yale yale, si katika banda la kitajiri. Walipofikisha wiki 25, majogoo wa Kuroiler walikuwa na zaidi ya kilo mbili na nusu, na wa kienyeji kilo moja na nusu na kidogo. Kwa mayai pengo ni kubwa zaidi: mtetea wa kienyeji hutaga kama mayai 40 kwa mwaka, kwa sababu muda wake mwingi anaatamia na kulea, ilhali chotara huyo anaweza kupita 150. Hakuna ujanja wa maneno unaoweza kufuta tofauti hiyo. Anayesema chotara ni ulaghai wa wazungu hajamweka kuku kwenye mizani.

Lakini ukuaji huo hauji bure. Mwili wa kuku una chakula chenye kikomo, nao hukigawa: nyama, manyoya, mayai, joto, na jeshi la kinga. Katika jimbo la Virginia, Marekani, Paul Siegel na wenzake walianza miaka ya 1970 kuchagua kuku kwa kigezo kimoja tu, wingi wa kingamwili wanazotoa baada ya kudungwa chembe nyekundu za damu ya kondoo. Chembe hizo hazimdhuru kuku. Ni kitu kigeni tu cha kuamsha kinga. Kizazi baada ya kizazi walipata koo mbili, moja ya kingamwili nyingi na moja ya kingamwili chache. Hakuna aliyewachagua kwa uzito, lakini ukoo wa kingamwili nyingi ulitoka na miili midogo kuliko ule mwingine. Jaribio jingine, la watafiti wa North Carolina, lilikwenda upande wa pili. Waliwachukua kuku wa nyama wa mwaka 2001 wakawaweka kando ya uzao wa kale uliohifadhiwa bila kuboreshwa tangu 1957. Siku ya 42 yule wa kisasa, akila chakula cha kisasa, alikuwa na gramu 2,672. Yule wa kale, kwa chakula cha zama zake, gramu 539. Walipopima kinga, wa kisasa alitoa kingamwili chache zaidi kuliko wa kale, ingawa seli zake zinazomeza vijidudu hazikuwa dhaifu hata kidogo. Yaani mzani uliegemea upande mmoja wa kinga, si kinga yote.

Hapo ndipo mashabiki wa kienyeji hushangilia mapema. Husema: mmesikia, kuku wetu ana kinga ya asili! Taratibu. Kwanza, chotara wa kijijini si kuku wa nyama wa kiwandani; damu yake imechanganywa, naye yuko mahali fulani katikati. Pili, na hili ndilo kubwa, kingamwili nyingi zaidi si lazima ziwe ulinzi zaidi. Kipimo chenyewe kinaeleza. Fundi wa maabara huchukua damu kidogo kwenye mshipa wa bawa, hutenga maji yake, kisha huyapunguza nguvu nusu kwa nusu katika safu ya vishimo vya sahani ya plastiki: moja kwa mbili, kwa nne, kwa nane, kwa kumi na sita. Huongeza virusi vilivyopimwa, halafu chembe nyekundu za damu ya kuku. Palipo na kingamwili za kutosha, virusi hushikwa na chembe hutulia chini kama kifungo chekundu. Zikiisha nguvu, virusi huzishikanisha chembe na kishimo chote huwa na utando. Kuku anayefika moja kwa nane au moja kwa kumi na sita, kutegemea maabara, huhesabiwa kuwa ana nafasi nzuri ya kuponea kideri. Basi ikiwa kienyeji aliyechanjwa amefika 64 na chotara aliyechanjwa amefika 32, mwandishi wa takwimu ataona tofauti, lakini kideri kikipita wote wawili wanatarajiwa kubaki wamesimama. Tofauti inayoua ni ile ya aliyechanjwa na asiyechanjwa, na huyo wa pili anaweza kuwa wa rangi na ukoo wowote.

Kwa hiyo imani kwamba kienyeji hahitaji chanjo ndiyo ninayoiona kuwa na gharama kubwa kuliko zote katika eneo hili. Inatoka wapi? Inatoka kwa waliobaki. Kideri kikipita kijijini kinaweza kufagia kuku wanane kati ya kumi, wakati mwingine wote. Wanaosalia ni wa kienyeji, kwa sababu waliokuwepo walikuwa wa kienyeji. Nao ndio wanaozaa kundi jipya, na mwenye kundi anawatazama na kusema, hawa ni sugu. Ni kweli wana kingamwili, lakini nyingi ni za kuugua na kupona, au za kukutana na virusi kwa kiasi kidogo, wala si urithi wa kuwakinga watoto wao maisha yote. Kifaranga wa mtetea huyo hubeba kinga ya mama kwa wiki mbili tatu, ikayeyuka. Baada ya hapo anasimama mbele ya ugonjwa akiwa uchi, awe kishingo, kidimu au kibwenzi. Kienyeji ana ustahimilivu wa kweli katika mengi: jua, njaa, kukwepa mwewe, kulea. Kideri hakimo katika orodha hiyo.

Tufanye hesabu ya kufikirika. Kaya ina kuku 20 wanaokuzwa kwa ajili ya soko. Wakiwa kienyeji wa kilo moja na nusu, hizo ni kilo 30. Wakiwa chotara wa kilo mbili na nusu, ni kilo 50. Kideri kinakuja na kuacha wanne. Mwenye chotara wasiochanjwa anabaki na kilo 10. Jirani yake mwenye kienyeji waliochanjwa akipoteza wanne tu, kwa mwewe na maradhi mengine, ana kilo 24. Msomaji mwenye jicho kali atanikamata hapa: kideri hakiji kila mwaka kwa kaya ile ile. Kikija mwaka mmoja kati ya miwili, yule wa chotara bila chanjo atapata wastani wa kilo 30, yaani kumpita mwenye kienyeji waliochanjwa anayepata 27. Ni kweli, na sitaki kuificha hesabu hiyo. Ila kilo 30 hizo zina madeni ndani yake. Chotara hununuliwa, mara nyingi kila kundi, kwa kuwa uzao wake wa pili haurudii nguvu ya wazazi na mitetea wengi hawaatamii. Wiki nne za kwanza anataka chakula cha dukani na taa ya joto. Mtu anayeishi kwa kuuza kuku wawili ili alipe karo hali wastani wa miaka miwili. Mwaka wa kilo 10 ndio unaomfukuza kwenye ufugaji. Na angalieni safu iliyobaki ya hesabu hiyo: chotara waliochanjwa, kilo 40 mwaka mbaya na 50 mwaka mzuri. Faida ya mbegu inaonekana yote pale tu chanjo ilipotangulia.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa wapenzi wa kienyeji wala wa chotara. Linatoka kwa mtu aliyechanja na kuku wakafa. Wapo wengi mpakani, na hawasemi uongo. Chanjo ya kideri ni virusi hai vilivyo dhaifu. Vikifa njiani, kilichobaki kwenye chupa ni maji ya rangi. Aina ya LaSota, inayouzwa sana, hudai baridi ya nyuzi mbili hadi nane kutoka kiwandani hadi kwenye jicho la kuku, na hapo kati kuna duka ambalo umeme wake hukatika alasiri na bodaboda aliyebeba chupa mfukoni. Ndiyo sababu kazi ya Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilikuwa na thamani kubwa kwa vijiji vyetu: aina ya I-2 inayovumilia joto, ambayo nchi zilipewa mbegu yake zitengeneze zenyewe. Tanzania inaitengeneza katika maabara yake ya mifugo. Kuvumilia joto si kutokufa kabisa, chupa bado inataka kivuli na ubaridi. Lakini inampa mchanjaji muda wa kufika kijiji cha mwisho. Halafu kuna njia ya kuitoa. Kuweka kwenye maji ya kunywa ni rahisi, ila maji ya bomba yenye klorini huua virusi, na kuku mnyonge husukumwa na wenzake asifike chomboni. Tone la jichoni ni la uhakika zaidi: kuku analazwa ubavu, chupa inashikwa wima juu ya jicho bila kuligusa, tone moja linadondoka, na mshikaji anangoja kuku apepese jicho ndipo amwachie. Akiachiwa mapema, hutikisa kichwa na dozi inaishia kwenye shati la mchanjaji.

Hata tone likiingia sawasawa, mwili unaolipokea unaweza kuwa na shughuli nyingine. Gumboro, ugonjwa uliopewa jina la mahali huko Delaware ulikotambuliwa mwaka 1962, hushambulia kile kifuko kilicho karibu na tundu la nyuma la kifaranga ambamo chembe za kutengeneza kingamwili hukomaa. Kifaranga aliyeupata na kupona anaweza kuchanjwa kideri vizuri kabisa na asijibu. Minyoo nayo. Watafiti wa Denmark waliwaambukiza kuku minyoo mikubwa ya utumbo kisha wakawachanja kideri, wakaona kinga inayojengeka imevurugika. Mahindi yenye ukungu, ambayo mtu amekataa kuyala na akaona ni halali ya kuku, hubeba sumukuvu inayodhoofisha kinga ile ile. Na chanjo ikitolewa kuku akiwa tayari ameshabeba virusi, anaweza kufa siku chache baadaye na lawama ataibeba mchanjaji. Orodha hii haivunji hoja ya kuchanja. Inaonyesha kwamba matokeo ya chanjo uani yanaamuliwa na joto, mikono, minyoo na lishe kuliko yanavyoamuliwa na ukoo. Ukiwapima kienyeji na chotara kijijini ukaona tofauti ya kingamwili, kabla ya kusema ni damu, uliza nani alipewa dawa ya minyoo. Chotara mara nyingi ndiye anayelishwa na kutunzwa, kwa sababu alinunuliwa kwa pesa.

Wapo pia wanaouliza kama chanjo za kale zinafaa kwa virusi vya leo. LaSota ilitoka katika shamba la kuku la New Jersey miaka ya 1940, ilhali virusi vilivyokusanywa kwenye masoko ya kuku ya Uganda na kuchambuliwa na timu ya Dennis Byarugaba wa Makerere, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, vilikuwa vya tawi jingine kabisa. Swali ni halali na jibu lina nusu mbili. Virusi vyote vya kideri ni vya kundi moja kwa macho ya kingamwili, hivyo kuku aliyechanjwa vizuri kwa chanjo ya kale huponea kirusi kipya. Ila huponea tu. Anaweza kukipata, asiugue, na bado akakitoa kwa siku kadhaa kwenye mate na kinyesi. Nusu hii ya pili ndiyo inayoyafanya mambo ya Busia yawe ya watu wawili. Mfugaji wa mji wa mpakani wa Malaba, upande wa Kenya, akichanja peke yake anawalinda kuku wake, hamlindi mtu wa Malaba ya Uganda ng'ambo ya mto, na kuku wake waliochanjwa wanaweza kuwa njia ya virusi kupita kimyakimya. Tena kijiji kinaposikia kuku wameanza kusinzia kwa jirani, wenye akili ya biashara huwakamata wao wakiwa bado wazima kwa macho na kuwauza kesho yake sokoni. Siwalaumu, hiyo ndiyo bima pekee waliyo nayo. Lakini ndivyo ugonjwa unavyopandishwa bodaboda.

Serikali zinaweza kutenda mpakani zikitaka. Januari 2017, mafua ya ndege yalipothibitishwa Uganda, Kenya ilifunga mlango kwa kuku na mayai ya jirani mara moja. Kideri kinaua kuku wa kijijini kila mwaka bila mlango wowote kusogezwa, na sioni haja ya kuufunga. Kufunga kungezidisha njia za panya. Kinachohitajika ni kalenda moja. I-2 hutolewa kila baada ya miezi minne, mara tatu kwa mwaka, ili vifaranga waliototolewa katikati nao wakutwe. Kaunti ya Busia ikichanja Machi na wilaya za ng'ambo zikichanja Juni, siku zote kuna kundi lisilo na kinga upande mmoja, na biashara hulifikishia virusi. Kuchanja wiki ile ile pande zote mbili, na duru moja iwe miezi miwili kabla ya pilikapilika za Krismasi wakati kuku wanaposafiri kuliko watu, hakuhitaji mkataba wa Arusha. Kunahitaji maafisa wa mifugo wachache wenye namba za simu za wenzao. Tororo si mgeni wa kazi za namna hii. Hapo ndipo palipokuwa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa nagana, lililotumikia eneo zima enzi za ukoloni na baada ya uhuru. Nagana ilipata shirika kwa sababu iliua ng'ombe, na ng'ombe ni mali ya baba. Kuku ni mali ya mama na watoto, na bajeti inalijua hilo.

Kuna suala la chupa. Chanjo ya kawaida huja kwa dozi mia au zaidi, ikishachanganywa hutumika siku hiyo, na mwenye kuku 12 anaona upumbavu kununua dozi 88 za kumwaga. Kwa mtu mmoja, ni upumbavu kweli. Kwa kaya nane zenye kuku 12 kila moja, ni chupa moja na chenji, na kwa kila kuku ni senti chache ukilinganisha na bei yake sokoni. Hii ni kazi ya mchanjaji wa kijiji anayelipwa kidogo kwa kila tone, anayepita alfajiri kuku wakiwa bado ndani, akiwa na daftari la kila kaya. Vikundi vya akina mama vya Busia na Tororo vinaendesha mikopo na mazishi kwa nidhamu kubwa kuliko inayohitajika hapa. Vinachokosa ni mtu wa kuwaletea chupa kwa tarehe inayojulikana, na mradi ulio tayari kununua chupa kabla ya vifaranga.

Jogoo mpya bado ana nafasi yake, na si lazima atoke India. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani vya California Davis na Iowa State, wamewachanja na kuwapima kuku wa kienyeji wa Tanzania, wakiwemo kuchi na ching'wekwe, na kuonyesha kwamba sehemu ya tofauti zao, katika kukua na katika kingamwili za kideri, hurithiwa. Ikirithiwa inachagulika. Jogoo anayeongeza gramu bila kupoteza kingamwili anaweza kupatikana ndani ya damu ya hapa hapa, polepole, na mtetea wake bado akaatamia. Ila uchaguzi huo hufanywa katika kundi linaloishi muda wa kutosha kuhesabiwa, ambalo kila kuku ana namba mguuni na tarehe ya chanjo. Kundi linalofyekwa kila mwaka wa pili halina la kuchaguliwa. Mfugaji hubaki na wale wanne walioachwa, na jogoo wa mwaka ujao ni yeyote kati yao aliye hai.